Marathoni yako ya kwanza kwa ajili ya hisani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ifikapo Septemba, klabu yetu ya jogging hapa Dar es Salaam hupokea watu wanaotaka kukimbia Kilimanjaro Marathon, ile ya Moshi mwezi Februari, na papo hapo kuchangisha fedha za matibabu ya watu wasiowajua. Maswali yao yanafanana mwaka hadi mwaka, ndiyo maana tumeyakusanya. Mifano mingi ni ya Moshi na Dar kwa kuwa ndiko tunakokimbia. Ukilenga mbio nyingine, geuza miezi tu. Utaona tunarudia jambo moja: miguu na mchango vianze pamoja, mapema, na hakuna aliyekuchangia ili ujiumize.

## Kuanza

Marathoni ni kilomita ngapi hasa?

Kilomita 42.195. Kilomita 21 ni nusu marathoni. Za 5 na 10 ni mbio nzuri za kuanzia, ila si marathoni, ingawa siku hizi karibu kila tukio la kukimbia linaitwa hivyo. Unapomwomba mtu mchango mtajie umbali wako wazi, maana wengine watataka kujua baadaye.

Sijawahi kukimbia hata kilomita 2. Naweza kweli?

Unaweza, ukijipa muda. Anayeanzia sifuri ajipe mwaka mzima au pungufu kidogo. Miezi mitatu ya kwanza ni ya kutembea haraka na kukimbia kidogo kidogo hadi amalize kilomita 5 bila kusimama. Baada ya hapo ajenge mazoea ya kilomita 8 hadi 10, mara tatu kwa wiki. Akishazoea hivyo, ndipo aingie kwenye wiki 18 hadi 20 za mazoezi ya marathoni yenyewe.

Kwa hiyo ukija Septemba hukimbii kabisa, 42 ya Februari si yako. Chukua 21, na 42 uiweke mwaka unaofuata. Ukija tayari unakimbia kilomita 8 bila taabu, tuzungumze.

Nikichagua 21 badala ya 42, wachangiaji hawataona nimewapunja?

Hatujamwona hata mmoja aliyelalamika. Mchangiaji anaangalia kama wewe ni mkweli na kama pesa imefika. Maoni yetu ni kwamba kila mtu akimbie 21 angalau mara moja kabla ya 42, kwa sababu humo utajifunza kuhusu tumbo lako, miguu yako na woga wako kwa gharama ndogo.

Ni mbio zipi zinazosaidia hisani?

Zipo za aina mbili. Kuna mbio zilizoanzishwa kwa ajili ya kuchangisha. CRDB Bank Marathon ya Dar es Salaam, iliyoanza 2020, imechangia upasuaji wa moyo kwa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) na matibabu ya akina mama wenye fistula katika hospitali ya CCBRT. NBC Dodoma Marathon, iliyoanza mwaka huohuo, imebeba mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Kenya wana Lewa, inayokimbiwa tangu 2000 ndani ya hifadhi ya wanyama kwa ajili ya uhifadhi na jamii zinazoizunguka, na pia mbio za Beyond Zero za afya ya mama na mtoto zilizoanza 2014.

Aina ya pili ni mbio za kawaida za ushindani na burudani, kama Kilimanjaro Marathon iliyoanza 2003, ambazo wewe mwenyewe unazitumia kuchangisha kwa ajili ya taasisi unayoipenda. Humo kazi yote ya mchango ni yako.

Ada ya kujiandikisha si ndiyo mchango wenyewe?

Inategemea mbio. Waandaaji wa aina ya kwanza hapo juu hutangaza fedha zinakwenda wapi, na baadaye hukabidhi hadharani. Kwenye aina ya pili ada inalipia njia, maji, fulana, medali na ulinzi. Kama tangazo halisemi, waulize waandaaji kabla ya kulipa. Wala usiwaambie watu kuwa ada yako imekwenda hospitali kama huna uhakika.

Lazima nimwone daktari kwanza?

Mwone kama umepita miaka 40 na hukuwa ukifanya mazoezi, kama una presha, kisukari, pumu au selimundu, kama umewahi kupata maumivu ya kifua au kuzimia ukiwa mbioni, au kama kwenu yupo aliyefariki ghafla angali kijana. Kupima presha na sukari ni kazi ya dakika chache katika kituo chochote cha afya, kwa hiyo hata mwenye afya njema akapime.

Kuhusu selimundu tunasema zaidi kwa sababu hapa kwetu iko katika familia nyingi. Mwenye ugonjwa wenyewe asiingie mazoezi haya bila daktari wake kujua. Aliyebeba kinasaba tu kwa kawaida hukimbia bila shida, ila joto kali na upungufu wa maji vinaweza kumletea madhara makubwa, kwa hiyo apande taratibu na asijilazimishe juani.

## Mazoezi

Wiki moja ya mazoezi inakaaje?

Siku nne za kukimbia zinatosha mtu wa kwanza. Mbili ni za kilomita 5 hadi 8 kwa mwendo mwepesi. Moja ni ya vilima au ya kubadilisha kasi. Ya nne, kwa kawaida Jumamosi au Jumapili, ni mbio ndefu. Siku moja katika zilizobaki fanya mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi, kuinuka kwa vidole vya miguu, na kujizuia kwa viwiko tumbo likiwa limekazwa. Nyingine ni za kupumzika, na kupumzika ni sehemu ya ratiba kama kukimbia kwenyewe.

Mbio ndefu niiongeze vipi?

Anza na kilomita 10 au 12, ongeza 2 kila wiki, na kila wiki ya nne rudi chini ili mwili ujijenge. Ukifika 28 hadi 32 umetosha. Hutakimbia 42 mazoezini. Wengi hulishangaa hili na wengine hukaidi, wakafika Moshi wamechoka tayari. Kama mwendo wako ni wa polepole, hesabu saa badala ya kilomita: ukishakimbia kwa muda wa saa tatu na nusu, simama hata kama umebakiza kilomita 3. Zaidi ya hapo unavuna uchovu kuliko faida.

Mbio ndefu ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Baada ya hapo punguza umbali kila wiki. Miguu itawasha kutaka kukimbia, nawe utahisi unapoteza pumzi. Hupotezi kitu.

Nikimbie kwa kasi gani?

Ile inayokuwezesha kumsimulia mwenzako habari ndefu. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kosa kubwa la wapya wote ni kukimbia kila siku kwa kasi ya kati: kubwa mno kwa siku nyepesi, ndogo mno kwa siku ngumu.

Kwa hesabu ya siku ya mbio, mwendo wa dakika 7 kwa kilomita unamaliza 42 kwa takribani saa 4 na dakika 55. Mwendo wa dakika 8 ni saa 5 na dakika 37 hivi. Kila mbio ina muda wa mwisho wa kufunga njia, kwa hiyo usome kwenye kanuni za mbio zako kabla hujajiandikisha.

Kutembea katikati ya mbio ni kushindwa?

Hapana. Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa Kenya wakati huo, alimaliza London Marathon ya 2014 kwa zaidi ya saa 7, na safari yake hiyo ndiyo iliyoitangaza Beyond Zero na kliniki zake zinazotembea. Hakuna aliyeuliza alitembea wapi.

Tunapendekeza hata zaidi: panga kutembea tangu kilomita ya kwanza. Kimbia dakika 5, tembea 1, au kimbia kutoka kituo cha maji hadi kingine na utembee unapokunywa. Anayetembea kwa mpango hufika kilomita ya 35 akiwa na miguu. Anayesubiri hadi achoke hutembea kwa kulazimika, na kuanza kukimbia tena humshinda.

Dar ina joto. Nikimbie saa ngapi?

Saa 11 alfajiri. Msimu wa kujiandaa kwa Moshi unaangukia Desemba hadi Februari, yaani miezi ya joto na unyevu kuliko yote hapa pwani, na ikifika saa 2 asubuhi jua tayari linachoma. Jioni baada ya saa 12 inawezekana kwa mbio fupi, ila lami bado inatoa joto na magari ni mengi.

Mwendo wako wa Dar utakuwa mzito kuliko ule utakaouona Moshi asubuhi. Usijilinganishe na rafiki anayefanyia mazoezi Arusha au Iringa, na wala usikimbie kwa kufuata saa ya mkononi siku ya joto kali. Kizunguzungu, baridi ya ghafla juani, kutojua uko wapi: hizo ni dalili za kusimama hapohapo, kukaa kivulini na kujimwagia maji. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, mpooze kwa maji na mwahishe hospitali.

Moshi kuna mlima na Dar ni tambarare. Nifanyeje?

Mji wa Moshi uko kwenye kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa haitakusumbua. Shida ni kupanda kuelekea Mweka, na kwa mkimbiaji wa 42 mlima huo unamkuta akiwa amekwisha tumia miguu.

Dar ina vilima ukivitafuta. Mlimani, kwenye barabara za Chuo Kikuu, kuna miinuko ya kutosha. Pugu kuna zaidi. Daraja la Tanzanite ni zuri kwa upepo na mandhari ila halina mwinuko wa kukufundisha kitu. Fanya vilima mara moja kwa wiki: panda kwa hatua fupi, kifua kimeinuka kidogo mbele, macho mita chache mbele yako. Kisha jifunze kushuka pia, bila kujizuia kwa visigino. Wanaoumia mapaja Moshi wengi huumia wakati wa kurudi chini.

Raba za mtumba zinafaa?

Zinafaa sana ukijua kuchagua. Soko la Karume hapa Dar utakuta raba halisi za kukimbilia ambazo dukani bei yake ni ya mbali. Ziweke zote mbili juu ya meza iliyo sawa, inama hadi macho yawe usawa wa visigino, uzitazame kwa nyuma. Ikiwa moja imelalia ndani au nje, mwenye nayo wa kwanza ameimaliza upande huo nawe utarithi mwendo wake. Kisha bonyeza kwa kidole gumba ile sehemu laini iliyo kati ya soli ya chini na kitambaa: ikibonyea na kurudi, ina uhai, ikiwa ngumu na imejaa mistari midogo ya mikunjo, irudishe. Mwisho ipindue. Wauzaji hufua vizuri sana juu, lakini soli iliyolika kisiginoni hadi rangi ya pili imetokeza haifichiki.

Jaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka, na soksi utakazokimbilia. Mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Bila nafasi hiyo utapoteza kucha kwenye mteremko. Raba ya siku ya mbio iwe imeshakimbia nawe angalau mbio ndefu mbili.

Nimeugua malaria na nimekosa wiki mbili. Nimeharibu?

Hapana. Maliza dozi, kaa siku kadhaa bila homa ukila vizuri, halafu anza na kutembea, kisha kilomita 3 au 4 nyepesi. Usijaribu kulipa kilomita ulizokosa. Rudi kwenye ratiba nyuma kidogo ya pale ulipoachia. Ukikosa zaidi ya wiki nne ndani ya miezi miwili ya mwisho, hamia 21. Homa, kikohozi cha kifuani na kuharisha haviendi na kukimbia. Mafua ya puani tu hayazuii.

Nitajuaje maumivu haya ni ya kawaida?

Maumivu ya misuli miguu yote miwili, yanayopungua siku ya tatu, ni ya kawaida. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayozidi unavyokimbia au kukufanya uchechemee, si ya kawaida. Hasa kwenye mfupa wa ugoko: ukibonyeza pakauma mahali pamoja, acha kukimbia na ukapigwe picha.

Usikimbie kwa nguvu ya diclofenac au ibuprofen. Watu hununua duka la dawa asubuhi ya mbio ili wasisikie goti. Dawa hizi mwilini mwenye upungufu wa maji huweza kuumiza figo, na ukiona mkojo wa rangi ya chai nzito baada ya mbio, nenda hospitali siku hiyohiyo.

## Chakula na maji

Nile nini?

Chakula cha nyumbani kinatosha: ugali, wali, ndizi, viazi, maharage, dagaa, mayai, mboga. Siku tatu za mwisho ongeza wanga, punguza mafuta na vile vinavyojaza gesi. Maharage na maziwa yasionekane jioni ya mwisho. Asubuhi ya mbio, saa mbili au tatu kabla, kula ulichozoea kabla ya mbio zako ndefu, kama mkate mweupe na chai, viazi vitamu au uji mwepesi.

Njiani mwili huishiwa wanga, kwa wengi karibu na kilomita ya 30, ndipo miguu hugoma. Anza kula mapema, dakika 40 tangu uanze, na lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya kawaida ina kama gramu 25. Tende chache, au glukosi ya pakiti iliyokorogwa, vinafanya kazi. Chochote utakachotumia ukijaribu kwanza kwenye mbio ndefu.

Maji kiasi gani?

Kunywa ukisikia kiu, kidogo kidogo kila kituo. Kunywa maji matupu kupita kiasi ni hatari: chumvi ya damu hushuka, mtu anatapika, anachanganyikiwa, hata kupoteza fahamu, na wanaokimbia polepole wako hatarini zaidi kwa sababu wanakaa njiani muda mrefu. Kwa mbio za zaidi ya saa nne beba pakiti ya ORS, ile ya kuharisha, uikoroge kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Jipime kabla na baada ya mbio ndefu: ukirudi mzito kuliko ulivyotoka, umekunywa mno.

## Mchango

Nianze kuchangisha lini?

Oktoba, kwa mbio za Februari. Desemba watu wanasafiri kwao na wana sikukuu, na Januari ni ada za shule na kodi za nyumba. Anayeanza kuomba Januari ameomba mwezi mgumu kuliko yote, na wengi humjibu vibaya bila kosa lake. Oktoba mtu anaweza kukuahidi na akalipa kidogo kidogo.

Pesa zipite wapi?

Ziende moja kwa moja kwa taasisi. Kabla hujamwomba mtu yeyote, nenda ofisini kwao, eleza unachotaka kufanya, uombe barua ya kukutambua na njia ya kulipia. Hospitali za serikali hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo. Taasisi binafsi nyingi zina lipa namba au akaunti ya benki. Barua hiyo ndiyo itakayomnyamazisha anayeuliza "tutajuaje?", na ana haki ya kuuliza.

Kwa ndugu walio Muscat, London au Marekani, waombee taasisi maelezo ya akaunti ya benki ya kupokelea kutoka nje. Wasikutumie wewe.

Kama mtu, mathalani bibi kijijini, hawezi ila kukutumia kwenye simu yako, pokea, hamisha siku hiyohiyo, na umtumie picha ya risiti. Andika kwenye daftari: jina, tarehe, kiasi alichotoa, makato, kiasi kilichofika. Safu ya makato usiiruke. Hesabu zinazogombanisha watu mara nyingi hazina wizi wowote ndani yake, ni makato tu ambayo hayakuandikwa.

Niweke lengo la kiasi gani?

Njia inayotufaa ni kugawa kilomita. Una kilomita 42, tafuta watu 42, kila mmoja achukue yake. Kwa shilingi 20,000 kila moja unapata 840,000. Asiye na 20,000 aungane na mwenzake wachukue moja. Mwenye uwezo achukue tano. Uzuri wake ni kwamba siku ya mbio kila kilomita ina mtu, na ukifika ya 36 umechoka unajua ni ya nani.

Namwombaje mtu bila kuwa kero?

Mwandikie yeye peke yake, kwa jina au kwa undugu wenu, mara moja. Ujumbe mmoja uliorushwa kwenye makundi kumi ya WhatsApp hupita katikati ya michango ya harusi na misiba na hakuna anayeuona kuwa ni wake. Mfano:

"Shikamoo mjomba. Nimejiandikisha kukimbia kilomita 42 Moshi mwezi Februari, na kila kilomita naitafutia mtu wa kuichangia shilingi 20,000 kwa ajili ya upasuaji wa moyo wa watoto. Kilomita ya 31 bado haina mwenyewe. Ukijaaliwa kuichukua, pesa inaingia hospitali moja kwa moja kwa namba hii, haipiti kwangu. Kama mambo ni mengi mwezi huu, dua yako inanitosha."

Aliyeahidi mkumbushe mara mbili tu, ya pili iwe baada ya mshahara. Baada ya hapo mwache, na usilisome jina lake mbele za watu.

Naweza kutoa nauli na hoteli kwenye michango?

Hapana. Ada, basi na chumba ni vyako. Kama huna uwezo, tafuta mtu mmoja akufadhili safari akijua kwamba anafadhili safari, na umwandike ukurasa tofauti. Vyumba vya Moshi hujaa wikendi ile na bei hupanda, kwa hiyo weka nafasi mapema au omba kulala kwa ndugu.

Nitume picha ya mtoto mgonjwa ili watu waguswe?

Tunakataa. Mtoto aliyelazwa hana namna ya kukubali, na mzazi anayesubiri msaada hana uhuru wa kukataa. Picha hiyo itabaki kwenye simu za watu hadi mtoto huyo atakapokuwa mtu mzima. Tuma picha yako ukitokwa jasho saa 11 alfajiri, na maelezo ya kazi ambayo hospitali inafanya. Taasisi ikikupa picha iliyokwisha itoa hadharani kwa ridhaa ya wenyewe, itumie kama ilivyo.

Kampuni yangu inaweza kuongezea?

Waulize, kwa barua, mapema. Baadhi huongeza kiasi kilekile kilichochangwa na wafanyakazi wao. Watataka ile barua ya taasisi (tazama "Pesa zipite wapi?").

## Siku yenyewe

Nifike Moshi lini?

Mbio ni Jumapili. Fika Ijumaa. Basi kutoka Dar ni safari ya kutwa, na miguu iliyokunjwa siku nzima inahitaji Jumamosi ya kuinyoosha. Chukua namba yako, tembea kidogo, kaa kivulini, lala mapema. Usiku wa mwisho wengi hawapati usingizi. Ule wa Ijumaa ndio wa kuulinda.

Nipake nini, nivae nini?

Nguo ulizokwisha kimbilia umbali mrefu. Mafuta ya mgando mapajani, kwapani, chini ya sidiria, kwenye chuchu kwa wanaume, na katikati ya vidole vya miguu. Fulana mpya uliyopewa na waandaaji ivae baada ya mbio.

Nianze vipi?

Polepole mpaka uone haya. Kilomita 10 za kwanza watu watakupita wengi, na ngoma zitakuvuta. Waache.

## Mazingira ya pekee

Ramadhani imeangukia msimu wa mbio. Nifanyeje?

Miaka hii ya karibuni zimegongana, na kwa kuwa Ramadhani huwahi kwa kama siku 11 kila mwaka, itachukua muda kuachana. Kukimbia 42 ukiwa umefunga hatushauri kabisa, wala viongozi wetu wa klabu waliofunga miaka yote hawafanyi hivyo. Aliyefunga achague mbio za Julai au Agosti, kama Dodoma au Dar. Ndani ya mwezi wenyewe kimbia kidogo, nusu saa kabla ya futari au baada ya tarawehe, na daku uilinde kwa maji na wanga.

Mimi ni mwanamke na naogopa kukimbia alfajiri peke yangu.

Hofu hiyo ina sababu, na hakuna anayepaswa kukuambia uizoee. Kimbia na kundi. Klabu za jogging ziko karibu kila mtaa wa Dar, na nyingi zina akina dada na akina mama wengi. Mwambie mtu njia yako, vaa kinachoonekana gizani, na usizibe masikio yote mawili. Hijabu nyepesi isiyoshika jasho inafaa vizuri.

Hedhi haizuii kukimbia. Aliyejifungua asubiri kibali cha mkunga au daktari, na akianza kuvuja mkojo au kuhisi uzito chini, arudi kwa mkunga au daktari kabla ya kuendelea.

Nikishindwa kumaliza, nirudishe pesa?

Hapana. Zimeshafika hospitali na zinafanya kazi. Waandikie wachangiaji ukweli siku hiyohiyo: uliishia kilomita ya ngapi, na kwa nini.

Watu hupenda kumtaja John Stephen Akhwari, aliyeanguka akaumia goti katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 na bado akamaliza, wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Tunamheshimu sana mzee wetu. Lakini yeye alikuwa mwanariadha wa kimataifa mwenye miaka ya mazoezi mwilini, na alikwisha fungwa bandeji na wahudumu kabla ya kuendelea. Jina lake lisitumiwe kumsukuma mtu wa mara ya kwanza anayetapika na kuyumba. Ukiambiwa na mhudumu wa afya ukae, kaa.

Mbio zimeahirishwa, au nimeumia wiki mbili kabla. Mchango je?

Unaendelea. Waambie watu mapema, waeleze tarehe mpya au mbio nyingine utakayoingia. Akitokea anayetaka pesa yake irudi na bado iko kwako, mrudishie bila kumhoji. Kama imeshafika taasisi, mwonyeshe risiti.

Hesabu ya mwisho niitoe vipi?

Ndani ya wiki mbili baada ya mbio, kwenye ukurasa mmoja: jumla iliyochangwa, makato, jumla iliyofika, na barua ya taasisi ya kupokea. Wataje wachangiaji waliokubali kutajwa, wengine hawapendi. Kiasi cha kila mtu usikiandike hadharani, maana aliyetoa 2,000 huenda ametoa kwa taabu kuliko aliyetoa 200,000.

Mtu amenitumia pesa baada ya kufunga hesabu.

Ipeleke kwa namba ileile, mtumie risiti, na uongeze mstari mmoja chini ya hesabu wenye tarehe mpya. Usiiweke kwa ajili ya mbio za mwakani.